Mpiga Bunduki Wangu

Alhamisi, baada ya isha

Nimefedheheka leo, na aliyenifedhehesha ni mtu ambaye hata hayupo.

Katika mchezo wetu wa kubuni hadithi na kurusha dadu, wenzangu wote wamechagua mapanga na uchawi. Mimi nikamuunda mpiga bunduki. Mimi, ambaye gurudumu likipasuka barabarani huwa chini ya meza ya duka kabla mteja hajageuka.

Mchana nilimpigia simu Shee, anayetuongozea mchezo. "Bunduki nimepata," nikamwambia, "ila baruti ndiyo haba."

Mama alikuwa mlangoni. Sinia ikamponyoka, mahamri yakatawanyika sakafuni. "Mwanangu, umejiunga na nani?"

Nikamwonyesha karatasi yenye sifa za mpiga bunduki wangu, nikamweleza kwamba huyu nimembuni tu, anapigana na mazimwi. Akaisoma yote, polepole.

"Mtu huyu ana silaha, ana shabaha. Mama anaye?"

Sikuwa nimefikiria.

"Basi mwandikie mama. Na amuage kabla hajatoka."

Nimemwandikia. Shee amecheka sana, anasema mama haongezi nguvu yoyote vitani. Huenda ni kweli. Sijamfuta.