Mupira Niliomuficha Hamadi

Jumatatu, 6 Mei 2002

Hamadi amekuja tena na jipu, ile gari ya dispansera, zahanati yetu. Usukani unalia. Kila akikata kona unanguruma, kisha unakuwa muzito. Nimefungua boneti. Kikopo cha mafuta ya usukani karibu kikavu, na povu ndani. Povu maana yake upepo umeingia, na kama upepo umeingia, mafuta yametoka pahali.

Anasema anaongeza mafuta kila siku mbili. Nikamwambia kuongeza si kutengeneza. Akacheka. "Njo maana nimekuja kwako, ndugu. Wewe fundi, mimi shofa tu, kazi yangu kuendesha."

Nimepangusa mipira yote inayopitisha mafuta kwa petroli mpaka ikakauka, nikanyunyiza majivu laini juu yake. Hamadi akawasha motere, akageuza usukani mpaka mwisho wa kushoto, mpaka mwisho wa kulia. Jivu likawa jekundu kwa mafuta pahali pamoja tu — kwenye mupira wa presha, ule unaotoka kwa pompi, pale unapoingia ndani ya chuma. Matone yanaanguka chini karibu na tairi, lakini kidonda kiko juu. Watu wengi wanadanganyika hapo.

Inataka mupira mupya. Treni ya Katanga hatujaiona tangu vita vianze. Nikamwambia mupira wa namna hiyo haupatikani Kindu nzima.

Nimesema uongo. Uko chini ya kitanda changu, ndani ya mufuko wa muchele. Niliutoa mwaka jana kwenye jipu iliyokufa. Ninauwekea gari yangu, ile aliyoacha marehemu baba, nimeificha nyuma ya nyumba bila matairi, chini ya makuti ya mangazi, michikichi yetu. Siku njia ikifunguka nitaondoka nayo, mimi na muke wangu Élisabeth na mutoto. Jamaa yangu kwanza. Ninaandika hivi ili nijue mwenyewe nilivyowaza.

Jumatano, 8 Mei 2002

Nimekata kipande kilichooza, nikaunga kwa bomba fupi ya chuma na kubana pande mbili kwa vikaza vya waya. Kazi hiyo inafaa kwa maji, hata kwa petroli. Kwa presha ya usukani haifai. Ninajua.

Élisabeth alisimama mulangoni akiniangalia. "Na ule wa chini ya kitanda?"

Nikasema ule ni wetu. Akaingia ndani.

Hamadi alikunywa chai kwetu, amekaa juu ya kitanda kwa sababu viti viliibwa mwezi wa pili. Akaniuliza, "Inashika?" Nikasema inashika. Nilitaka kumwambia aende pole kwenye muteremuko, na aangalie chini ya gari kila asubuhi. Sikusema. Ningesema, angeuliza kwa nini.

Alhamisi, 16 Mei 2002

Hélène amekufa. Mukunga wa dispansera. Miaka ishirini na sita.

Saa nne asubuhi waliitwa bandarini. Mama mumoja alivushwa na mutumbwi, uchungu umemushika tangu jana. Hamadi alishuka ule muteremuko wa kuelekea bandari, Hélène pembeni yake. Kwenye kona gari haikukata. Ilienda moja kwa moja ikagonga ukuta wa kalavati, upande wa Hélène.

Nilifika na mbio. Chini ya motere kulikuwa kwekundu, watu wanasema damu. Haikuwa damu yote. Bomba yangu ilikuwa imechomoka, vikaza vinaning'inia. Nikaviokota nikavitia mufukoni mbele ya watu mia, na hakuna aliyeona.

Yule mama alizaa palepale kwenye muchanga. Mutoto muzima.

Ijumaa, 17 Mei 2002

Tumemuzika. Hamadi alikuja na mukono umefungwa shingoni, mufupa wa bega umevunjika. Watu walimupisha njia, lakini si kwa heshima. Wanasema alikimbiza gari.

Baada ya maziko mukubwa wa dispansera aliniita pembeni. Hamadi alikuwa karibu, anasikia. Mukubwa akauliza, "Fundi, gari ilitoka kwako namna gani?"

"Ilitoka nzima."

Hamadi akaniangalia. Nilifikiri atanishika shingo. Akainamisha kichwa, akasema polepole, "Basi labda mimi njo nilichelewa kukata."

Aliamini mudomo wangu kuliko mikono yake.

Jumamosi, 25 Mei 2002

Wamemufukuza Hamadi kazi. Nimemupelekea samaki. Amenishukuru.

Jumamosi, 10 Agosti 2002

Askari wameona makuti nyuma ya nyumba. Wameichukua gari, wameipakia juu ya lori yao. Wakauliza kama iko na vipuri. Nikaenda mwenyewe chini ya kitanda, nikautoa mupira, nikawapa. Hawakuniuliza mara mbili.

Élisabeth alikaa chini kwenye kizingiti. Alisema jambo moja tu: "Kifo cha mwezi wa tano kilikuwa ndani ya mupira ule."

Sitaandika tena.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Daftari hii nimeikuta ndani ya sanduku ya nguo, vikwembe vya Élisabeth. Aliitunza. Amefariki mwaka wa nne sasa, na yeye njo alikuwa muntu peke yake aliyejua. Kurasa nyingi bado nyeupe.

Nimeitafuta kwa sababu Hamadi alikuja leo garaji. Anakuja siku nyingi, tunacheza karata, tunaongea habari za miguu yetu. Lakini leo alikuja ndani ya gari, amekaa nyuma kama mugeni. Binti yake Ramla ameinunua, ndogo, imetumika, imeletwa na boti. Ramla anafanya kazi kwenye ofisi moja pale mutaa wa Kasuku.

"Papa Nestor," akaniambia, "usukani unalia. Na chini ninaona matone."

Niliuliza matone rangi gani. Nilijua.

Ameniachia gari, akapanda pikipiki kwenda kazini. Baba yake akabaki. Hatukucheza karata.

Jumanne, 17 Juni 2025

Nimepangusa, nimekausha, nimetandika karatasi nyeupe chini. Ilibaki muntu wa kugeuza usukani. Mafundi wenzangu wote wawili walikuwa wamekwenda kufuata lori iliyokwama. Nikamuomba Hamadi.

"Unajua mimi sishiki usukani," akasema.

Najua. Miaka ishirini na mitatu hajashika. Alipopata mualiko wa kuendesha lori ya wafanyabiashara, mwaka wa 2006, alikataa. Akafungua kibanda cha kushona kofia na kanzu, na wanawe wamesoma kwa sindano ile.

Tulingoja karibu saa nzima. Mwishowe akainuka, akaingia ndani ya gari, akakaa. Nilimuona anapangusa viganja juu ya magoti. Nikalala chini ya gari.

"Kushoto," nikasema. Ikageuka. "Kulia."

Kwa mara ya tatu nikaona. Mupira ulikuwa muzuri. Ni ile raba ndogo ya mviringo kwenye shingo ya pompi, imekauka, mafuta yanachungulia pale na kushuka polepole.

"Ni mupira?" akauliza kutoka juu.

"Hapana. Raba tu. Kitu kidogo."

Motere inanguruma. Halafu akaanza kusema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama muntu anaongea juu ya mvua, na akaniita kwa jina langu la ukoo. "Unajua, Mulamba, ile siku nilikata kwa wakati. Sasa nimeshika tena, mikono inaniambia. Nilikata, usukani ukakataa. Lakini wewe ulisema gari ilikuwa nzima, na wewe ni fundi. Basi ninajiuliza tu — mikono inaweza kumudanganya muntu miaka yote hii?"

Nilikuwa ninaona kiatu chake kimoja tu, kimetoka nje ya mulango ulio wazi. Ningeweza kujibu. Nikasema, "Zima motere."

Jumatano, 18 Juni 2025

Nimebadilisha raba. Nimeinua matairi ya mbele juu ya jeki, nimegeuza usukani kushoto na kulia motere imezimwa, mara ishirini, mpaka upepo wote umetoka na mafuta yametulia bila povu. Karatasi imelala chini ya gari muchana kutwa. Hakuna hata tone.

Kazi ya asubuhi moja. Raba inayoingia kwenye kidole cha mutoto. Hata mwaka ule, kama ningetoa mukono chini ya kitanda, ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Ramla alifurahi sana. Alinishika mikono yangu yote miwili ilivyojaa mafuta. "Baba anasema hakuna fundi mwingine Kindu anayemuamini." Sikuweza kumuangalia.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Nimemwambia.

Nilikwenda kibandani kwake baada ya sala ya alasiri. Hakukuwa na muteja. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitazungumza habari nyingine.

"Mikono yako haikudanganya. Mupira mupya ulikuwako. Nilikuficha."

Akaweka sindano chini. "Mupira gani?"

"Wa jipu. Niliunga ule mubovu kwa bomba, na nilijua hautashika. Ulichomoka pale kwenye kona. Vikaza niliviokota mimi."

"Na ule mupya ulikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

Akafikiri. Nilimuona anarudi nyuma, anatafuta. "Kile kitanda nilichokalia? Siku nilikunywa chai?"

"Ndiyo."

Nilingoja anipige. Ana miaka sabini, lakini ningemuacha. Alikunja kanzu aliyokuwa anaishona, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kila mwezi wa tano anakwenda kwa Fidélie, mudogo wake Hélène. Anakaa, anaomba samahani, anaacha kilo ya sukari, anarudi. Kila mwaka. Mwaka wa kwanza Fidélie alimumwagia maji. Sasa anamupikia. "Mwaka huu aliniambia, baba Ramla, nimeshakusamehe, usije tena na sukari, njoo bure. Nikalia mbele yake kama mutoto. Kumbe nilikuwa ninalilia kitu chako."

"Nenda, Nestor," akasema. Maisha yake yote ananiita ndugu, au Mulamba. "Jumapili, baada ya misa yenu, utanikuta kwa Fidélie. Usichelewe."

Jumamosi, 21 Juni 2025

Sijalala vizuri. Sijala. Nimefikiri kupanda boti. Nimefikiri kuugua. Mwenzangu mumoja pale garaji aliniuliza kama nimepatwa na malaria, na nikatamani iwe kweli.

Siogopi Fidélie anifukuze. Ninaogopa asinifukuze.

Jumapili, 22 Juni 2025

Ninaandika nikiwa kwa Fidélie, daftari juu ya goti. Nimekuja nayo nikidhani nitawasomea kurasa za mwezi wa tano kama mudomo utakataa.

Nimefika, Hamadi alikuwa amekwisha kukaa. Aliitika salamu yangu bila kuniangalia. Fidélie ametupa viti chini ya baraza. Ni muntu mufupi, ana nywele nyeupe pembeni. Hélène angekuwa na miaka arobaini na tisa sasa. Sikuwahi kuhesabu mpaka leo.

Anafikiri tumekuja kwa heri tu. Akamutania Hamadi: "Safari hii umeleta mushahidi?"

Hamadi akasema, "Mama Fidélie, leo mimi sina neno. Neno iko naye."

Fidélie akageuka akanitazama vizuri. Akasema basi tungoje kwanza, kama ni neno hawezi kulisikia amevaa kikwembe cha jikoni. Ameingia kubadilisha. Muharagwe unachemuka. Hamadi ameshika magoti yake, anaangalia njia. Nimemwambia kwa sauti ndogo, "Ndugu." Hajageuka, lakini amesogeza kiti chake kidogo, ili kiti cha Fidélie kikae mbele yangu.

Mulango unafunguka. Amevaa nguo ya kanisa. Anauliza ninaandika nini, na ananyoosha mukono apokee daftari.