Breki za Gari la Kliniki

Jumatatu, 14 Julai

Nimefungua stoo saa mbili kasorobo. Paa limevuja tena. Lebo za chupa zote zimelowa na kubanduka, nyingine zimeanguka sakafuni. Asubuhi nzima nimeandika mpya. Herufi kubwa, wino mweusi, gundi ya kutosha. GIABOKSI. BREKI. JEKI. MAJI YA BETRI. Kila chupa naijua kwa mahali pake kwenye rafu. Fundi Katana amepita akasema mwandiko wangu ni wa kuandikia vyeti vya ndoa, si mafuta. Nimefurahi. Mwezi wa tatu huu katika gereji hii ya Mbaraki, na ndiyo sifa ya kwanza.

Kazi kubwa ya leo: gari la kliniki. Lile la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, linalopanda vilima vya Kwale na wauguzi na masanduku ya chanjo. Limekuja na matope hadi kwenye ekseli. Pedi za breki za mbele zimekwisha, kimebaki chuma. Nyuma tope limekula lainingi, zile bitana za breki. Katana amebadilisha zote. Amemwaga mafuta ya breki ya zamani, meusi kama kahawa, kisha akaja dirishani kwangu.

"Bi Karani, nipe breki, chupa moja."

Nimempa. Nimejaza kadi ya kazi, nimetia sahihi. Gari limetoka saa kumi.

Jumanne, 15 Julai

Mzee Bakari, dereva wa kliniki, amepita jioni akitoka Kwale. Asema breki zashika vizuri ila magurudumu yana moto. Katana amemwambia pedi mpya ni kama viatu vipya, zitabana siku mbili tatu.

"Viatu vyangu havitoi harufu," akasema Mzee Bakari.

Tumecheka wote. Gari limeondoka.

Nyumbani mama ameuliza kama Ami Awadh ameridhika nami. Huuliza kila siku. Ami ndiye mwenye gereji, alikuwa rafiki wa marehemu baba, na mama alikwenda mwenyewe kwake kuniombea kazi. Nimesema ameridhika.

Jumatano, 16 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Katana alitaka mafuta ya jeki. Nikampa chupa yenye lebo ya JEKI. Akayamwagia kwenye ile jeki kubwa ya bluu, mengine yakachuruzika ubavuni. Baada ya chakula nilikwenda kuifuta kwa kitambaa. Rangi ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa. Ikatoka yote na kitambaa.

Mafuta ya jeki hayali rangi. Mafuta ya breki ndiyo yanayokula. Katana alinifundisha hilo wiki yangu ya kwanza, nisije nikayamwagia gari la mtu.

Nimefunga mlango wa stoo. Nimechukua glasi mbili za maji, tone moja kutoka kila chupa. Mafuta ya breki huchanganyika na maji, ya jeki huelea. Tone la chupa ya JEKI lilizama na kupotea. Tone la chupa ya BREKI lilielea juu, duara safi, linameremeta. Nimerudia mara tatu.

Wiki iliyopita stoo ilifagiliwa. Chupa hizi mbili zilirudishwa kila moja mahali pa mwenziwe. Mimi nikaandika kwa kutazama rafu. Sikunusa, sikupima. Yote mawili ni manjano hafifu.

Gari la kliniki lina mafuta ya jeki kwenye breki zake zote nne, na mafuta hayo huharibu raba za breki.

Na hili pia niliandike. Nimebandua lebo zile mbili na kuzibadilisha. Zimekaa vizuri, hakuna atakayejua. Kisha nimemaliza hesabu ya nati na kwenda nyumbani. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 17 Julai

Sikulala vizuri. Sikula.

Mzee Bakari aliingia na gari saa nne, akiwa njiani kuelekea Kwale. Pedali imepanda juu na imekuwa ngumu, asema, na ukiiachia, breki haziachii. Katana akalegeza breki za nyuma. Akafungua vipulizio vya breki akatoa upepo ulionaswa kwenye mabomba. Akaja kuomba mafuta ya kujazia. Nikampa chupa ya BREKI, ya kweli safari hii. Nilijiambia labda yatasafisha. Najua hayasafishi. Ni kijiko kimoja kwenye mabomba yaliyojaa kitu kingine.

Ami Awadh akatoka ofisini. Sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Wewe Katana, wataka kuniulia watu? Mara ya tatu wiki hii gari lile lile. Miaka kumi na mbili hapa, leo breki zakushinda?"

Mafundi wote wamesikia. Katana alitazama mikono yake. Nilikuwa dirishani, hatua nne kutoka kwake. Nilijifanya natafuta kalamu.

Gari likaondoka hivyo hivyo.

Mchana nilimpigia Mzee Bakari kwa simu ya ofisi. "Hallo?" Nikakata. Nikapiga tena. "Hallo, nani?" Nikakata. Mara ya tatu hakupokea.

Naogopa. Naogopa kufukuzwa, naogopa uso wa mama, naogopa Ami atasema alinichukua kwa huruma. Hayo ndiyo niliyoyawaza kwanza. Wale walio ndani ya gari nimewawaza baadaye. Mteremko wa Kwale, breki zimeshika moto, halafu hazishiki tena.

Leo limerudi salama. Nimechungulia kutoka barabarani, nimeliona limeegeshwa kliniki. Kesho linatoka tena saa kumi na mbili na nusu.

Ijumaa, 18 Julai

Nimetoka nyumbani, Kibokoni, baada ya alfajiri. Mama alidhani nimeitwa kazini mapema. Nilikwenda kliniki kwanza. Gari lilikuwa limeshaondoka. Nikachukua tuktuk hadi Feri, kivukoni, linapovukia kwenda Kwale.

Nililiona mbali, lipo juu kuliko magari mengine. Foleni ilikuwa imeanza kusogea. Mbele yake lori la saruji, halafu mteremko wa kuingilia chomboni, na kando watu wanashuka kwa miguu kwa mamia, wenye vikapu, wenye watoto wa shule. Nilikimbia nikiwa nimekusanya buibui mkononi. Nikapiga mlango wake.

"Rukia? Wafanya nini huku saa hizi, mwanangu?"

"Usishuke, Mzee. Breki zina mafuta ya jeki. Mimi ndiye niliyekosea lebo."

Alinitazama. Nyuma honi zilianza. Akavuta hendibreki, akazima injini.

"Wajua tangu lini?"

"Juzi."

"Juzi nilikuwa Kwale," akasema. "Jana nilikuwa Kwale."

Aliwapigia simu wauguzi, ambao huwachukua ng'ambo, Likoni, akawaambia gari bovu, leo hakuna safari. Askari wa Feri alikuja kugomba, kisha akatusaidia kutoka kwenye foleni. Tulirudi Mbaraki kwa gia ya kwanza. Mzee Bakari hakugusa pedali ya breki hata mara moja. Wala hakuniambia nipande, nilipanda mwenyewe nyuma.

Ami Awadh alikuwa anafungua ofisi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yote, na lebo nilizozibadilisha Jumatano. Alivua kofia akaiweka mezani.

"Jana nimemtukana mtu mbele ya watu. Nawe ulikuwa hapo dirishani."

"Ndiyo, Ami."

"Nenda kamwambie Katana. Mbele ya watu wale wale."

Nimekwenda. Nimesema. Sauti yangu haikutoka vizuri, mmoja akasema hajasikia, ikabidi nirudie. Katana alisikiliza hadi mwisho, akachukua spana akaenda kwenye gari.

Sijui kama bado nina kazi. Hakuna aliyesema.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda kazini. Hakuna aliyenizuia.

Katana amefungua kila kitu. Masta silinda inayosukuma mafuta, silinda za magurudumu, mabomba yote ya mpira. Kinachofanyika ni kutupa raba zote na kuosha mabomba hadi yatoke safi, hakuna njia ya mkato. Saa tano aliniita kwa kidole. Akanitilia raba mbili mkononi, mpya na ile iliyotoka kwenye gari. Ya gari imevimba karibu mara mbili, laini kama chakula kilicholowekwa.

"Hii yatakiwa kuteleza kwenye tundu lililopimwa kwa ile mpya," akasema. "Ingepita wapi?"

Kisha, akiwa amenipa mgongo: "Juzi nilikaa nyumbani nikijiuliza kama nimeanza kusahau kazi."

Nimemwomba radhi. Amesema nimshikie taa.

Ami amenipa agizo moja tu. Katika gereji hii aliyegusa breki hupanda kiti cha mbele gari linapojaribiwa. Ni desturi ya tangu babake. Mafundi wote wanaijua, makarani hawajawahi kuhusika.

"Wewe umezigusa," akasema. "Jumatatu utapanda."

Jumatatu, 21 Julai

Tumevuka Feri saa tatu. Mzee Bakari usukani, mimi kando yake, Katana nyuma na sanduku la spana.

Nilikuwa na hofu tupu. Nilijua raba ni mpya, niliona zikitiwa moja moja, mafuta niliyapima mwenyewe mbele ya Katana. Haikusaidia.

Juu ya Kwale Mzee aligeuza gari. Barabara inashuka, inapinda, upande wa kushoto hakuna kitu ila vilele vya minazi. Aliliacha likimbie. Nilihesabu. Kumi, kumi na moja. Kona ikaja.

"Mzee," nikasema.

"Nimeiona."

Akakanyaga. Gari likainama mbele, mkanda ukanikata bega, tukasimama sawasawa, bila kuvutwa upande. Vumbi likatupita. Amefanya hivyo mara sita kwenye mteremko ule. Mara ya tano nililia. Katana alinipa kitambaa chenye grisi, kisha akakumbuka akanipa kingine.

"Kila fundi hulia mara ya kwanza," akasema Mzee Bakari.

"Mimi sikulia," akasema Katana.

"Wewe ulitapika."

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Jumanne ile.

Jumatano, 23 Julai

Mvua kidogo asubuhi. Stoo kavu.

Gari la kliniki limesimama langoni saa moja, Mzee Bakari anachukua karatasi zake. Usiku wauguzi walilala kisiwani, upande huu wa Feri, kwa hiyo leo wamo ndani. Sikuwa nimewahi kuwaona. Kwenye kadi zangu ni neno tu, wauguzi wawili. Mmoja ni mtu mzima, amevaa miwani iliyofungwa uzi kando. Mwingine atakuwa rika langu. Alikuwa anamenya chungwa na maganda ameyaweka kwenye mapaja juu ya leso.

Nilipompa Mzee karatasi, yule msichana alinitolea vipande viwili dirishani.

"Chukua, dada. Hili ni tamu."

Nikachukua. Nikamwambia asante, safari njema. Wakaondoka.

Nimekula nikiwa nimesimama langoni.