Upande Wangu wa Gari

Jumanne, Kasense

Na mnunuzi alikuwa aje kesho kuliona gari la marehemu mume wangu! Mwanangu Deo alishaamua. Eti fowili imekufa, magurudumu ya mbele hayavuti, likikwama limekwama.

Leo limezama kwenye tope la shambani, na maharage mgongoni. Nikasimama nimtazame. Akashuka, akazungusha kitasa cha kufungia fowili, kile cha katikati ya gurudumu la mbele upande wa dereva, akarudi kwenye usukani.

"Na huku je, zuzu wangu?"

"Huku wapi, mama? Baba alinifundisha hivi hivi."

Nikacheka hadi nikajishika mbavu, halafu machozi. Kweli alimfundisha hivyo. Kitasa cha pili kilikuwa changu, na kimoja kikiachwa, mbele hakuvuti kitu. Kila penye tope mzee aliniita, "Mama Deo, shuka, zungusha upande wako!" Nami nashuka, kanga nimeipandisha, namtukana. Tangu tumzike sijapanda gari lile.

Kitasa changu kilikuwa kimeshika kutu. Nimekigonga kwa jiwe, nikakizungusha mwenyewe. Gari likatoka topeni likinguruma kama zamani.

Deo amempigia mnunuzi simu, asije. Mikono yangu inanuka grisi, na sijanawa.