Mbegu Zile Nilizichagua Mimi

Dada yangu Neema,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo nyumbani kwetu tunalijua watu wawili tu. Zile mbegu za bangi zilizomfikisha Baba mdogo Villawood, kwenye kizuizi cha wahamiaji, nilizichagua mimi. Yeye alimwagilia tu. Mama hajui, kanisani hawajui, na yeye mwenyewe ameniapisha nisiseme.

Sasa naweza kukusalimu. Bibi anaendeleaje na miguu yake? Mtoto ameanza kutembea? Hapa Blacktown mwilini sisi ni wazima. Mama bado anaosha wazee kwenye kile kituo, anarudi na alama za barakoa mashavuni. Mimi nilimaliza shule mwaka jana, mitihani ikasogezwa mbele kwa ajili ya korona, na nimepata nafasi ya kusomea uuguzi. Ilipaswa niwe na furaha.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa kwaya anayekuja Kigoma. Nimemwambia ndani kuna picha. Sikutaka kupiga, kwa kuwa simu yako inapokelewa na kila mtu hapo, na Baba mdogo naye huipiga.

Unajua mgongo wake uliumia kule ghalani Smithfield. Usilojua ni jinsi alivyokuwa anainuka kwenye kiti. Alikuwa anashika meza kwa mikono yote miwili, anafumba macho, anahesabu kwa Kibembe, halafu ndipo anasimama. Siku nyingine alikuwa akifika tano anakaa tena. Dawa za hospitali zilimfanya atapike. Mwenzake wa kazini akamwambia kuhusu bangi, akampa mbegu chache zilizotoka nchi ya joto kama yetu.

Hizo za kwanza alizipanda mwaka ule korona ilipoanza. Zilirefuka zikaupita uzio, majani tu, hakuna ua hata moja. Nikasoma nikaelewa: mimea ya kwetu imezoea mchana na usiku kulingana, na hapa kiangazi mchana ni mrefu mno, kwa hiyo inasubiri. Ilipoanza kuchanua, baridi ilikuwa imeshafika na mvua juu yake. Ikaoza yote. Baba mdogo akaing'oa, akasema, "Nchi hii hata majani yanagoma."

Mwaka uliofuata tukafungiwa ndani miezi mingi, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mtaa, mimi nasoma kwenye kompyuta chumbani. Akanijia na simu. "Binti, nisomee hapa. Wanauza mbegu za kila namna, mimi naona picha tu." Dada, mimi ndiye msomaji wa nyumba hii tangu nina miaka tisa. Barua ya daktari, ya umeme, ya mwenye nyumba, yote nasoma mimi. Sikufikiri kwamba hii ni tofauti. Nikaifanya kama kazi ya shule. Nikapiga mistari kwa rula: urefu, muda wa kukomaa, kama inavumilia ukungu. Waliouza waliandika miezi ya Ulaya, nikaigeuza yote iendane na huku, ambako majira yako kinyume. Nikachagua aina fupi, inayokomaa haraka bila kungoja mchana upungue, ili imalize kabla ya baridi na isionekane juu ya uzio. Nilijiona nina akili sana.

Zilipoota alinicheka. "Mchicha huu! Nimekuomba dawa, umeniletea mboga."

"Subiri, Baba mdogo."

"Nasubiri. Nikila ugali na hii nitakuita."

Lakini zilikomaa kama nilivyosema. Alilala usingizi wiki kadhaa. Nilimsikia akiimba bafuni, Dada, wimbo wa shambani, sauti mbaya kabisa.

Halafu zikaja zile mvua zisizokatika za mwanzo wa mwaka huu. Uzio wa mbao ukalowa, siku moja ukalala wote upande wa jirani. Mimea ilikuwa imebaki minne. Jirani ni mzee mpole, alikuwa anatupa ndimu. Simlaumu. Polisi walikuja saa nne asubuhi, mwanamke na mwanamume, Mama yuko kazini.

Yule mwanamke akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikasema ndiyo. Akasema nimuulize baba yangu mimea ni ya nani na mbegu nani alizitafuta. Nikamuuliza. Baba mdogo akasema kwa Kiswahili, taratibu kama mtu anayeagiza sukari, "Waambie ni zangu peke yangu. Wewe unasoma. Sema nilivyosema, usiongeze neno."

Nikasema alivyosema. Sauti yangu unaijua. Yule mwanamke akaniambia nipaze, hanisikii. Nikairudia kwa sauti kubwa: ni zake peke yake. Hivyo nimelisema mara mbili.

Kwa kuwa alikuwa na ile kesi ya zamani ya kupigana, na bado si raia, watu wa uhamiaji wamemfutia viza. Yuko Villawood mwezi wa tatu sasa. Kutembelea kumefungwa kwa sababu ya korona, tunaongea kwa simu tu. Wakikataa maombi yake, watamrudisha Kongo, au atakaa mle bila kujua mwisho. Hapati kitu cha mgongo. Anasema anahesabu mpaka kumi siku hizi.

Walituma barua ya kusema kwa nini, na tukapewa wiki nne za kujibu. Nikamsomea. Waliandika kwamba mtu aliyechagua mbegu ya kukomaa mapema na kuvumilia ukungu ana ujuzi na mpango, si mgonjwa anayejaribu. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nina ujuzi? Mahindi yangu pale kambini Kigoma yaliliwa na mbuzi, muulize Neema!" Mimi sikucheka. Kile wanachokiita ujuzi ni rula yangu.

Nikamuuliza mwanasheria wa kujitolea: je, kama mbegu alizichagua mtu mwingine? Akasema huyo mtu mwingine atahitaji mwanasheria wake, na ajue kwamba kwenye kazi za hospitali wanachunguza rekodi za polisi. Hakuniuliza ni nani. Sidhani alihitaji kuuliza.

Baba mdogo alikuwa ameshasaini karatasi ya kunipa ruhusa nijibu kwa niaba yake. Nikaandika siku tatu. Kuhusu mgongo, kuhusu ghala, kuhusu safari ya kukimbia Fizi kule Kongo, wewe ukitembea na mimi nikiwa nimebebwa naye. Na katikati nikaandika kwamba hasomi Kiingereza, kwamba mbegu nilizichagua mimi, nikaeleza nilivyozichagua hatua kwa hatua ili waamini, na jina langu kamili.

Jumapili akapiga. "Nisomee kabla hujatuma."

Nikamsomea kwa Kiswahili. Nilipofika pale katikati nikaparuka, nikaweka maneno mengine kuhusu maboksi aliyobeba miaka sita. Dada, sijawahi kumtafsiria uongo. Hata daktari aliposema mgongo hautapona, nilimwambia vile vile.

Akasema, "Rudia hapo."

Nikauliza, "Hapo wapi?"

"Hapo pa maboksi. Umepaandika vizuri."

Nikarudia, lakini sikukumbuka nilichosema mara ya kwanza, nikatunga upya. Hakugundua. Au aligundua akaniacha, sijui. Akasema, "Tuma. Mungu akubariki." Jana asubuhi nimeituma.

Sasa naogopa kila gari linaloegesha nje. Naogopa wakiniamini, na naogopa wasiponiamini. Nguo za shule ya uuguzi Mama ameshazipiga pasi, zimetundikwa mlangoni, napita pembeni.

Msalimie Bibi, umpake mafuta magotini kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, na mama wa nyumba ya pili aliyetufundisha kushona. Mbusu mtoto.

Baba mdogo akikupigia, atakuuliza kama nimekuandikia. Mwambie nimeandika habari za baridi. Ukishasoma, karatasi hii iingize jikoni iungue. Nakuomba, Dada, usimwambie. Wakimkatalia, halafu akajua kwamba nilijiharibia bure, hilo hatalibeba. Na wakimwachia pia usimwambie. Hasa wakimwachia.

Mdogo wako,
Riziki