Nilivyoitafuta zebaki kwa mishale minne

Jumamosi, mchana. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mtaa wetu wa Nkende wote ni tope. Tangu nifungue duka wameingia wateja wawili tu, mmoja wao alikuja kujikinga mvua. Moyo wangu leo haujui ukae wapi. Naandika.

Kwa asiyenijua: naitwa Nyangi, nafanya kazi kwenye stesheneri hapa Tarime mjini. Natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu za watu. Kompyuta yetu ni mzee. Mwezi uliopita iligoma kuwaka, bosi akamwita fundi wa kompyuta, Marwa, akaichukua siku tatu. Iliporudi ilikuwa imekuwa kitu kingine. Marwa alisema mashine haina nguvu ya kubeba programu za siku hizi, na modemu yetu haina nguvu ya kuvuta picha, kwa hiyo ametuwekea kivinjari cha maandishi matupu.

Maandishi matupu kweli. Kioo cheusi, herufi nyeupe. Hakuna picha, hakuna vitufe vya kupendeza. Palipokuwa na picha pameandikwa neno "picha" ndani ya mabano, basi.

Alinielekeza kwa muda wa kunywa soda moja. Mshale wa chini unakupeleka kwenye kiungo kinachofuata, wa juu unakurudisha kwenye cha nyuma. Mshale wa kulia unakuingiza ndani ya kiungo, wa kushoto unakutoa. Ukitaka ukurasa mzima usogee, bonyeza nafasi, kile kitufe kirefu cha chini. Mausi nayo inafanya kazi, lenga kiungo, bofya. Akachukua begi lake akaenda zake Sirari, mpakani.

Nilitaka kulia.

Lakini nakiri kwamba baada ya siku mbili nilianza kuipenda. Kurasa zinafunguka kabla hujavuta pumzi. Na kuna jambo linalonishika kila mara: kiungo kikiwaka rangi, kinanisubiri. Hakiniambii kuna nini ndani. Ni kama kusimama kwenye mlango wa jirani na kusikia watu wanaongea. Wiki ya kwanza niliingia kwa kutafuta bei ya wino nikajikuta nasoma jinsi nyuki wanavyochagua malkia. Sijui nilifikaje. Nikabonyeza mshale wa kushoto mara kumi na moja kurudi kwenye wino.

Sasa niseme kilichotokea, maana hiki ndicho kinachonikosesha utulivu.

Dada yangu Ghati anaishi Gorong'a na mumewe Chacha. Walikuwa watu wa mahindi na ng'ombe. Tangu dhahabu ipande bei, nani bado ni mtu wa mahindi? Chacha hushinda machimboni, anarudi na viroba vya mawe. Yanasagwa, yanaoshwa kwenye karai, halafu Ghati anatia zebaki, ile ya majimaji inayong'aa. Zebaki inakamata dhahabu, anaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha kijivu. Kidonge anakiweka kwenye kifuniko cha sufuria, juu ya jiko la mkaa, jikoni kwake. Zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Nimeona hilo mara nyingi. Nimekaa pale pale nikimenya viazi.

Wiki iliyopita Jumatatu Ghati alikuja dukani nimchapie barua ya kanisa. Ana mimba ya miezi mitano. Nikampa kalamu atie sahihi, na mkono wake ukawa unatetemeka. Si kidogo. Jina lake lilitoka kama limeandikwa juu ya pikipiki.

"Una homa?" nikamuuliza.

"Sina. Ni mkono tu. Unafanya hivi miezi miwili sasa," akasema, akaficha mkono ndani ya kitenge. "Usimwambie mama."

Alipoondoka niliandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafuta: zebaki. Kwa Kiswahili nikapata machache. Nikaandika kwa Kiingereza, na hapo nikapotea. Kwanza nikaletewa sayari yenye jina hilo hilo. Nikarudi. Nikaletewa mungu fulani wa watu wa zamani mwenye mabawa kwenye viatu. Nikasoma habari zake zote, Mungu anisamehe, wakati dada yangu yuko njiani kwenda nyumbani. Nikarudi tena. Kiungo cha tisa ndicho kilichokuwa chenyewe: ukurasa kuhusu wachimbaji wadogo.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nilisoma na kamusi mapajani. Zebaki ikichomwa hugeuka mvuke. Mvuke hauonekani, hauna harufu. Ukiuvuta siku nyingi mikono hutetemeka, usingizi hupotea, hasira huja bila sababu. Na mstari mmoja niliosoma mara nne: kwa mama mjamzito, unamfikia mtoto tumboni.

Nilimpigia Ghati pale pale. Hapa nakiri kosa langu. Nilimpigia kelele. Nilisema anajiua, anaua mtoto, aache leo leo.

"Niache, halafu tule mawe?" akasema. "Wewe unakaa ofisini kavu, unasoma. Mimi nina watoto watatu." Akakata.

Alikuwa na haki. Nilimpelekea katazo bila kitu kingine mkononi.

Nikarudi kwenye kioo. Nilishuka na mshale kiungo baada ya kiungo, vile ambavyo sikuvijali mara ya kwanza. Karibu na mwisho nikakuta kimoja kinachotaja chombo cha kunasa mvuke. Nikaingia. Kwa mujibu wa ukurasa ule, kidonge hufungiwa ndani ya kikombe cha chuma chenye kifuniko cha kubana, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa zebaki ya maji, unadondokea kwenye chombo. Chini yake palikuwa na mchoro. Yaani, palikuwa na neno "picha" ndani ya mabano.

Nilicheka peke yangu kwa uchungu. Kitu chenyewe ninachokihitaji ndicho mashine yangu isichoweza kunionyesha. Lakini maelezo yalikuwepo. Nikayaandika yote kwa Kiswahili kwenye karatasi, vipimo na kila kitu, nikaenda kwa Fundi Salimu.

Fundi Salimu anachomelea mageti na majiko karibu na soko. Baba yake alikuja Tarime kutoka Tanga kufanya biashara ya nguo, yeye akachagua chuma. Ni mzee wa maneno machache. Nikamwamkia shikamoo, nikampa karatasi.

"Mchoro uko wapi?" akauliza.

"Hakuna mchoro, fundi. Kuna maneno tu."

Akaitazama ile karatasi, akaitazama sura yangu. Akachukua chaki. "Haya, soma polepole."

Nilisoma, yeye akachora sakafuni. Kikombe. Kifuniko. Bomba linalopanda kidogo kisha kushuka. Nilipofika mahali nilipoandika "mdomo wa bomba uingie kwenye maji," akasimamisha chaki.

"Uingie?"

"Ndivyo nilivyoelewa."

"Hapana binti yangu. Chombo cha moto kikipoa kinanyonya. Kitavuta maji yote mpaka kwenye chuma chenye moto, kitalipuka usoni kwa mtu. Rudi kasome tena. Mimi siwezi kuchomelea kitu cha kuua mtu."

Nilirudi dukani nikikimbia. Nikafungua ukurasa ule na nikagundua nilikuwa nimebonyeza nafasi, kioo kizima kikapita, nikaruka sehemu nzima. Katikati yake palikuwa na kiungo kidogo, neno moja tu: maonyo. Vidole vilikuwa vinaharakisha, mshale ukawa unakipita. Nikashika mausi, nikakilenga, nikabofya.

Fundi alikuwa sahihi. Mdomo wa bomba unakaa juu ya maji, haugusi. Bomba linazungushiwa kitambaa kibichi. Na bomba lisiwe la kupakwa zinki, liwe la chuma cheusi. Kazi yote ifanyike nje, mbali na chakula. Watoto na wajawazito wasikaribie kabisa.

Fundi Salimu alikuwa ameshakata bomba la zinki. Nilipomsomea alilitazama kidogo, akalitupa kwenye chakavu, akakata jingine. Hakulalamika. Ila aliniambia nisome ukurasa wote mbele yake, kuanzia mwanzo, na kila mstari alikuwa anauliza, "Na huo umeusoma mara ya pili?"

Alhamisi nikapanda pikipiki hadi Gorong'a, chombo kiko kwenye kiroba mapajani. Ghati alinisalimia kwa ubaridi. Sikumlaumu. Nilimwomba msamaha kwa kelele zangu, akasema, "Yameisha," kwa sauti ya mtu ambaye bado.

Chacha ndiye aliyekubali kujaribu. Tulikwenda nyuma ya zizi, kwenye upepo. Kwanza tukachemsha maji ndani yake kuona kama kifuniko kinavuja. Hakikuvuja. Chombo kilipokauka Chacha akatia kidonge, akabana, akawasha mkaa. Ghati nilimweka mbali, chini ya paa la ghala, upande ambao upepo unatoka. Alikunja mikono kama mtu anayesubiri wengine waaibike.

Muda ukapita. Hakuna kitu. Chacha akaniangalia. Nilisikia aibu inanipanda shingoni.

Kisha tone likadondoka. Zito, jeupe, likazama kwenye bakuli la maji. La pili. La tatu. Yakakimbiliana chini ya bakuli yakawa kitu kimoja kinachong'aa. Tulipozima moto na chuma kikapoa kabisa, Chacha alifungua, dhahabu ikawa imebaki ndani kama siku zote. Akalifunika lile bakuli vizuri, akaliinua Ghati alione kwa mbali.

Ghati hakuangalia dhahabu.

"Hii yote," akasema, "nilikuwa naivuta?"

 Chacha aliinamisha kichwa. Halafu akasema kuanzia siku hiyo kazi ya moto ni yake, nje, na Ghati asiguse tena zebaki. Kile kifuniko cha sufuria alikifukia mwenyewe, mbali na kisima.

Nilidhani hapo ndipo pa kumalizia. Lakini leo asubuhi, kwenye mvua hii, Ghati ameingia dukani amelowa mpaka magoti. Hakuwa na barua ya kuchapa. Alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta.

"Nionyeshe kwa macho yangu ulipoyasoma," akasema. "Ya mtoto."

Nikampa mausi. Mkono ukatetemeka, kishale kikarukaruka kioo kizima, akashindwa kukilenga kiungo hata kimoja. Niliona machozi yanakuja. Nikamsogezea kibodi. Kwenye kibodi, ukibonyeza mara moja unakwenda hatua moja, hata kidole kikitetemeka. Chini. Chini. Chini. Aliacha kulia, akaanza kusogea. Mara ya kwanza aliingia pasipo penyewe, akatoka. Akaingia pengine, akaniuliza hapa wanasema nini, akatoka. Akawa na ile sura ninayoijua, ya mtu anayetaka kuona mlango unaofuata.

Akakipata. Nikamtafsiria neno kwa neno, bila kupunguza. Wapo watoto wanaoumia, wapo wasioumia. Kukaa mbali na mvuke kunasaidia. Mama amweleze mhudumu wa afya mapema.

"Kliniki sijawaambia," Ghati akasema. "Niliogopa watanifokea kama wewe."

Hilo nilistahili.

Aliacha kidole juu ya mshale. Kisha akaniuliza kama ukurasa unasema mtoto wake huyu yuko upande gani. Nikamwambia hausemi.

"Basi Jumatatu tukamuulize nesi."

Ameondoka sasa hivi, mvua imepungua. Nimeshamwomba bosi ruhusa. Nimemwandikia nesi maelezo yote kwenye karatasi moja, tangu lini, mara ngapi kwa wiki, jikoni kukoje, ili Ghati asilazimike kuyasema yote kwa mdomo kama atashindwa.

Sijui nesi atatuambia nini. Jumatatu, saa mbili asubuhi, nitakuwa nimekaa pembeni yake kusikia.