Kichwa Kilichopimwa Mara Tatu

Nyumba ya Fundi,
Nyuma ya karakana iliyofungwa.
Jumatano, tarehe 12 mwezi wa nane.

Mpendwa mdogo wangu (neno hilo la kwanza nimeliweka kwa kuwa barua huanza hivyo),

Salamu. U hali gani huko mbali? Miguu bado inavimba? Na shemeji, bado anakuvumilia? Mimi ni mzima. Narudia, mzima, maana nasikia umeshaanza kunililia ningali hai.

Jumapili moja, wiki tatu zilizopita, ulimpigia binti yangu simu, ukamwambia aweke sauti ya juu nyumba nzima isikie, ukawasomea karatasi ya hospitali: eti ubongo wa kaka umesinyaa kupita kiasi ndani ya mwaka mmoja. Ukamalizia, "Mnyang'anyeni funguo za karakana kabla hajajikata vidole." Vidole vyangu viko kumi, ndivyo vinavyokuandikia. Wewe uliyewahi kugongomea kiatu chako sakafuni, na mguu umo ndani, leo umekuwa mlinzi wa vidole vya watu.

Karatasi ile ilikufikia kwa ujinga wangu. Nilipojiunga na huo utafiti wa ubongo wa wazee, waliniuliza ndugu wa karibu ni nani, nikakuandika wewe. Labda siku hiyo ubongo ulikuwa umesinyaa kweli.

Seremala hakubali kipimo kwa kusimuliwa. Nilimwendea daktari wa utafiti, mama mpole mwenye miwani ya kamba, nikamwuliza: mwaka jana na mwaka huu mmenipima kwa futi ile ile? Akasema mashine ni ile ile. Nikamwuliza: na ubao ulitulia? Hapo akaniangalia vizuri.

Maana mashine yenyewe ni bomba kubwa la sumaku. Unalazwa ndani, kichwa kwenye kizimba, unaambiwa usitikisike. Kisha inaanza kugonga. Mdogo wangu, inagonga vibaya. Ko-ko-ko, inasita, inarudia pale pale, kama mtu asiyejua msumari uko wapi. Mwaka jana nilisinzia. Mwaka huu nilisikiliza, nikawa natikisa kichwa kwa masikitiko, kama nilivyokuwa nikikutikisia wewe kila uliposhika nyundo.

Daktari akafungua picha yangu kwenye kompyuta. Kingo za ubongo zilikuwa na ukungu, kama mstari wa penseli uliopanguswa na kiganja. Akasema kompyuta ikipima ukungu ule hudhani nyama imepungua. Picha ile alipaswa kuikataa, akaipitisha. Alikiri mwenyewe. Wewe sijui utaanza lini.

Juzi wakanipima upya, mara tatu asubuhi moja. Ya kwanza nilitulia kama maiti mliyekuwa mkimsubiri. Ya pili niliomba nitikise kichwa makusudi. Ya tatu nikatulia tena. Fundi wa picha alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Babu, kwenye ya pili umezeeka miaka sita, kwenye ya tatu umerudi ujana." Na hata zile mbili za kutulia hazikulingana sawasawa. Daktari akasema kila kipimo kina kosa lake, ndiyo maana hawamhukumu mtu kwa picha moja. Wewe ulinihukumu kwa simu moja.

Sitakudanganya: ubongo wangu unapungua. Nilimwuliza, akasema unapungua polepole, kama wa wazee wa rika langu. Wako nao unapungua, ila wewe ulianza na kidogo.

Barua ya daktari hii hapa ndani. Binti yangu kaisoma, akatoa machozi kidogo, lakini funguo bado zimo kwenye mkoba wake. Anasema, "Baba, baba mdogo alisema mbele za watu. Na ajirudi mbele za watu." Huku karakana imefungwa wiki tatu, na kabati la muuguzi jirani yetu limo ndani, limebakiza kutiwa milango tu.

Kwa hiyo Jumapili hii piga simu, waambie waweke sauti ya juu, na usome barua ya daktari bila kuruka mstari. Lile "samahani" la mwisho si la daktari, nimeliongeza mimi kwa penseli. Lisome vile vile.

Msalimie sana shemeji. Wale mapacha wenu waambie baba yao mkubwa bado anawatofautisha, na anakumbuka yupi ndiye mwizi wa sukari. Nawe Mungu akuzeeshe vizuri, nawe ulazwe kwenye bomba lile, na siku hiyo mimi ndiye niwe ndugu yako wa karibu.

Jumapili ikipita kimya, Jumatatu nang'oa mlango wa karakana. Bawaba zake nilizifunga mimi, kila skrubu naijua kwa kupapasa. Ufunguo ninauomba kwa heshima tu.

Wako akupendaye kwa kuwa mama alisema ni lazima,
Kaka yako,
Fundi Randa.