Kamba ya Baba

Voi, 11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu kabla sijasahau maana nina mengi. Mguu umepoa? Mimi niko sawa, Mungu ni mwema.

Naandika kwa sababu Baba hataki habari za simu, anataka karatasi yake. Mwambie nimekuwa mwalimu kabla ya kumaliza chuo! Jumamosi wenzangu wanajazana chumbani kwangu: huyu hesabu, huyu fizikia, huyu programu ya kompyuta imemkataa katakata. Malipo ni chapati. Nafundisha mchana tu. Mtihani wa mwisho ni Novemba, nikipita nitaanza kazi, mpumzike.

Ndovu wamerudi?

Mwanao,
Zeph

Makwasinyi, 3 Machi 2024

Zeph mwanangu,

Tulifurahi mpaka majirani wakasikia. Mguu bado unanisumbua, lakini najikokota. Ndovu walipita, ndengu zote shambani zimekwenda. Wakakata na kamba ya Baba yako ya kumfikisha chooni. Ameifunga upya mwenyewe kwa kupapasa, hataki kusaidiwa, si unamjua.

Barua nilimsomea, kisha akaichukua akaipapasa kwa nyuma. Anasema unakandamiza kalamu kama unalima. Halafu akauliza lile swali lake: "Jioni anaona?" Usimkasirikie. Macho yake yalianza kufa hivyo hivyo, jioni kwanza, akiwa na umri wako, na babake kabla yake. Kwa nini hufundishi usiku? Niambie nimjibu. Pasaka uje.

Mama yako

Voi, 19 Machi 2024

Mama,

Hamjambo wote? Mwambie Baba naona mpaka sisimizi ukutani. Usiku nachoka tu. Pasaka sitaweza kuja. Wanafunzi wangu wana mitihani, na kuna huyu Carolyne wa Mwatate, nikimwacha na hesabu peke yake atalia. Msiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Zeph

Makwasinyi, 14 Aprili 2024

Zephaniah,

Leo salamu zitangoja. Nilipomaliza kusoma, Baba yako akanyoosha mkono. Akapapasa karatasi. Akageuza, akapapasa tena. Akasema, "Huyu si mtoto wangu. Huyu kalamu inapita juu juu." Nikaangalia vizuri na mimi. Woi! Kweli, si mwandiko wako. Mimi mwenye macho sikuona.

Carolyne, kama ni wewe unamsomea hii, asante kwa kumshika mkono mwanangu. Sasa mpe kalamu aandike mwenyewe.

Zeph, tangu lini?

Mama yako

Voi, 2 Septemba 2024

Mama,

Natumaini mguu unakubeba. Mistari itapandana, nivumilie. Simu zako nilikuwa nazisikia zikilia, nikashindwa kushika. Nilikuwa naogopa sauti yako.

Ni tangu mwaka wa kwanza. Jioni kwanza, kama Baba. Sasa hata mchana herufi zinanikimbia. Hao ninaowafundisha ndio macho yangu. Wananisomea swali, nawaonyesha njia, na mimi hapo ndipo napata somo la siku. Carolyne hunisomea programu mstari kwa mstari, namwambia kosa liko wapi. Wote wanapita, Mama. Lakini ndani ya mtihani hakuna wa kunisomea mpaka nijiandikishe kuwa mimi ni kipofu, na hilo neno linanishinda. Naogopa. Tafadhali msiniite nyumbani.

Nimekandamiza sana, ili Baba ajue ni mimi.

Zeph

Makwasinyi, 22 Septemba 2024

Mwanangu Zeph,

Umekula? Nauliza hilo tu, mengine umeshaniambia.

Barua niliposoma, Baba yako alinyoosha mkono. Aliichukua akakaa nayo mlangoni, vidole vinakwenda vinarudi, mpaka kuku wakaingia kulala. Akasema, "Ni yeye." Nilidhani amefurahi, kumbe analia.

Ukiipata hii, kesho yake asubuhi nenda ukajiandikishe, umesikia? Hilo neno si tusi. Nimeolewa nalo, limenilishia watoto, limenijengea nyumba. Fanya mtihani wako.

Lakini sitakuficha la hapa. Juzi nimeamka nikakuta kamba mpya uani. Imeanzia mlango wa chumba chako, ikaenda ikaungana na ile ya Baba yako ya chooni. Nikaifungua, nikamwambia mtoto bado anasoma.

Leo asubuhi nimekuta ameifunga tena. Sijaigusa.

Mama yako